Chambo Chini ya Mitufaha

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata shemeji yangu Kendall, mume wa mdogo wangu Ginette, na nayasimulia mimi kwa sababu yeye ukimuuliza atakwambia hakuna kilichotokea.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Julai. Jua zuri, upepo kidogo, nami nilikuwa uani nikisafisha mapipa kwa mpira wa maji. Kwetu huku kaskazini ya Maine, kwenye bonde la Mto Saint John, huo ndio wakati sheria inapokuruhusu kuanza kumwekea dubu chambo. Kumpiga ni mpaka mwezi upite. Mimi, Odile Cyr, nina miaka thelathini na moja katika kazi ya kuwaongoza wawindaji, na nimeshaona kila aina ya mjinga akishuka kwenye gari na kunyoosha miguu mbele ya nyumba yangu. Siku hiyo aliyeshuka alikuwa mjinga wa nyumbani.

Kendall Farnham aliuza bima mjini Portland mpaka akastaafu, na masika ile walihamia huku, kwenye nyumba aliyotuachia mama. Miezi mitatu tu, na tayari alikuwa ameshatufundisha namna ya kupanda viazi, sisi ambao babu zetu walizaliwa kwenye matuta ya viazi. Sasa alikuwa amevaa mabakamabaka kuanzia kofia mpaka soksi, na karatasi ya dukani bado inaning'inia kwapani.

"Shemeji," akasema, "nataka kuanza kuwinda dubu. Nifundishe. Nina nusu saa."

Nusu saa! Sikuzima maji.

"Kuweka chambo si kumlisha dubu," nikamwambia. "Ni kumfundisha. Unafunga pipa kwenye mti kwa mnyororo, unalitoboa tundu la kupita mkono wake, unalijaza donati zilizolala, mikate, molasi. Halafu unakwenda kila siku. Saa ileile, njia ileile. Hunyati. Unagonga ndoo, ajue kelele hizo ndizo chakula. Wiki ya kwanza atakuja na woga, anazunguka, ananusa. Wiki ya pili atapita moja kwa moja. Wiki ya tatu hata kichwa hainui."

"Halafu?"

"Halafu uko juu ya dungu lako, kiti cha kuvizia kilichofungwa mtini, hatua ishirini kutoka kwenye pipa, upepo unatoka kwake kuja kwako. Humpigi akikutazama. Unangoja ageuke ubavu, mkono wa mbele utangulie, mapafu yabaki wazi."

"Basi?" Akacheka. "Rahisi hivyo?"

"Rahisi, kama dubu ni mpumbavu. Lakini dubu wapumbavu ni wachache. Wapumbavu wengi ninaowajua huwa wamekaa juu ya mti."

Akacheka tena, kwa sauti, akinipigapiga begani. Alidhani nawasema wengine.

Baada ya siku tatu alirudi, kifua mbele, kama mtu aliyegundua mto.

"Nimepata mahali, shemeji. Na sikuhitaji ramani ya mtu. Kuna mitufaha ya zamani kule nyuma ya kinamasi, na bomba la moshi la nyumba iliyobomoka limesimama peke yake. Dubu wanapenda matufaha, si ndiyo? Nimeshafunga pipa. Nimeshatundika kamera inayojipiga yenyewe kitu kikipita. Nimeshapandisha dungu."

Nikaweka chini kikombe changu cha kahawa.

"Pale hapawekwi chambo."

"Nani kasema? Nimeuliza, shamba halina mwenyewe."

"Hapawekwi tu."

"Kwa nini?"

Sasa, kuna mambo huwezi kumwambia mtu wa namna ile bila kujiona wewe ndiye mjinga. Mama alitusimulia kwamba pale aliishi mjane aliyeitwa Zélie Daigle, enzi za kambi za wakata magogo. Wanaume walikuwa wakipita kwake na njaa, naye akiwalisha bure. Wakarudi. Wakarudi tena, na safari hiyo mashoka wameyaacha kambini. Mama hakuwahi kusema zaidi ya hapo. Akifika hapo aligeuka, akakoroga chungu.

Nilimwambia Kendall hivyohivyo, kwa maneno machache. Alinisikiliza huku amekunja midomo, kama mtu anayemngoja mtoto amalize kuimba.

"Shemeji," akasema, "nyie watu wa huku shule mlikwenda lakini?"

Nilikuwa na sehemu kumi nzuri za chambo ambazo ningeweza kumpa. Nilizijua kama vidole vyangu. Nikamtazama juu mpaka chini, na kile kikaratasi cha dukani bado kiko kwapani.

"Haya," nikasema. "Nenda."

Nikarudi kwenye mapipa yangu. Namwambia kila anayenisikiliza: neno hilo nililisema nikiwa na akili timamu.

Wiki mbili sikumjali. Ginette alinipigia mara mojamoja, akisema mumewe amepata kitu cha kufanya, amani imerudi nyumbani. Kila siku saa kumi na dakika zake alipita mbele ya nyumba yangu na gari lake, ndoo mbili zikigongana nyuma, akipiga honi kana kwamba amejiteua kuwa meya. Nilimwambia mbwa wangu: huyo hapo. Mbwa akaingia chini ya kibaraza.

Katikati ya Agosti alisimama. Alishuka taratibu, na nikaona ameongezeka. Shati lake la mabakamabaka lilikuwa limebana tumboni, vifungo vinalia. Mashavu yamevimba, yanang'aa.

"Donati unampa dubu au unakula mwenyewe?" nikamuuliza.

"Wacha wee." Akajipapasa tumbo, anatabasamu. "Hata sijui niseme nini, shemeji. Nilidhani unanichukia. Kumbe."

"Kumbe nini?"

"Pai ya bluberi! Ile ya juzi. Na chapati zile za njano, ploye, na siagi yake na sukari ya utomvu wa mti wa mepo. Bado za moto! Nikipanda tu juu, nazikuta kwenye kiti. Unapitia wapi hata sikuoni?"

Nikaelewa mara moja, au nilidhani nimeelewa. Ginette. Mdogo wangu, mwalimu mstaafu mwenye goti bovu, anatembea kinamasi kizima kumpelekea mwanaume mzima chakula juu ya mti, kisha anaona aibu kusema. Nilimdharau Kendall siku ile kuliko siku zote. Sikuona haja hata ya kumsahihisha.

"Usijali," nikamwambia.

"Asante sana, shemeji. Kesho usisahau."

Nikasema, "Sitasahau."

Nilisema hivyo kwa mzaha. Aliondoka akipiga mluzi. Alikuwa akilamba kidole gumba.

Siku moja kabla ya msimu kufunguliwa, Jumapili, alipita tena. Hakushuka. Aliteremsha kioo akanipa kadi ya kamera.

"Hebu ziangalie hizi, uniambie dubu wangu wako wapi. Pipa halijaguswa. Wiki ya nne hii. Mimi sina muda, nachelewa."

"Unachelewa wapi? Saa tisa hii."

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza jina lake. Macho yake yalishapita begani kwangu, yako barabarani. Akaondoka. Niliitupa ile kadi kwenye bakuli la funguo. Sikuwa na hamu ya kuona picha mia mbili za pipa la mtu anayejiona.

Jumatatu msimu ulifunguliwa. Wageni wangu wawili walikuwa kambini wanapumzika, wanangoja jioni, nami nilikuwa jikoni nikiwafungia mikate. Jua lilikuwa utosini. Ginette akaingia bila kubisha hodi, kama tulivyozoea, ameshika sahani ya bati ya buluu, ya zamani, kingo zake zimebanduka rangi.

"Nimekurudishia sahani yako, dada. Kendall huziacha tu kwenye gari. Hii imelala huko siku nne."

"Si yangu."

"Ile unayompelekea chakula."

Kisu kilikuwa mkononi mwangu. Nikakiweka mezani.

"Ginette. Nilidhani ni wewe."

"Mimi? Na goti hili?" Akacheka kidogo. Kisha akaacha. "Dada, mbona yeye kasema ni wewe? Kasema umekubali mwenyewe. Kasema umemwambia usijali."

Aliiweka ile sahani mezani, akajifuta vidole kwenye sketi. Akavifuta tena.

Nilikwenda kwenye bakuli la funguo nikachukua kadi, nikaiingiza kwenye kompyuta. Picha mia mbili na kumi na moja. Nilitafuta dubu. Nikatafuta rakuni, kunguru, panya, chochote chenye uhai. Mwezi mzima, molasi na donati katikati ya msitu, na hakuna hata kunguru aliyetua. Picha zote zilikuwa za Kendall.

Basi nikazitazama kama ninavyozitazama picha za kazi yangu. Ndiyo mazoea. Siku ya kwanza amefika saa kumi na moja kasoro dakika nane, bunduki mkononi, shingo inageuka huku na huku. Anazunguka kabla ya kusogea. Siku ya tano, saa kumi na moja kasoro dakika tisa. Bunduki iko begani. Siku ya kumi na mbili anapita moja kwa moja mpaka kwenye ngazi, hata ndoo hajazimimina. Siku ya kumi na nane hana bunduki. Siku ya ishirini na tano anakuja saa tisa na nusu, anakimbia, mnene, mdomo wazi. Kichwa hainui.

Nimeziona picha za namna hiyo mara elfu. Huwa nawaonyesha wageni wangu kwa kalamu: mtazameni, huyu yuko tayari.

"Yuko wapi sasa?" nikamuuliza Ginette.

"Kaondoka saa tano. Hata chai hakunywa."

Tulikwenda na gari langu. Nilichukua bunduki. Ginette alikaa mbele, mikono magotini, na njia nzima hakusema ila mara moja.

"Nilifurahi, dada. Hayupo nyumbani, hanung'uniki. Nilifurahi."

Mimi nilikuwa na la kwangu.

Tuliliacha gari nyuma ya lake. Mlango wake ulikuwa wazi, kengele ya kukumbusha funguo inalia taratibu. Njia ya kwenda kwenye mitufaha ilikuwa imekanyagwa mpaka udongo unang'aa, pana, laini, kama njia ya ng'ombe. Mtu mmoja hawezi kuikanyaga njia hivyo kwa mwezi mmoja.

Msitu ulikuwa na mwanga. Nataka ieleweke hivyo. Saa nane mchana, jua limejaa kwenye majani. Ila ndege hawakuwepo. Na kulikuwa na harufu. Si ya dubu, dubu namjua. Ilikuwa siagi inayoungua na sukari. Harufu ya jikoni kwa mama. Mate yalinijaa mdomoni, nikayatema.

Tukafika.

Pipa lake lilikuwa pale, na mnyororo wake. Nikachungulia tunduni. Donati zilijaa mpaka juu. Mwezi mzima kwenye joto la Agosti, na hazikuwa na ukungu. Hazikuwa na inzi. Hazikuwa na sisimizi hata mmoja.

Bunduki yake mpya ilikuwa imeegemezwa chini ya mti, imeanza kutu. Ngazi ya chuma ilipanda kwenye msonobari mkubwa, na juu yake, kwenye dungu, alikaa Kendall. Alikuwa anakula. Alikula kwa mikono yote miwili, bila haraka, mabega yamelegea. Kwenye magoti yake kulikuwa na sahani ya bati ya buluu.

"Kendall," Ginette akaita. "Mpenzi. Shuka."

"Shh." Hakutugeukia. Alinong'ona. "Msisimame hapo. Mko kwenye upepo. Mtamharibia."

"Tutamharibia nani?" Ginette akauliza.

"Shemeji naye kaja?" Alitafuna. "Shemeji. Kumbe si wewe."

"Si mimi," nikanong'ona. Sijui kwa nini nilinong'ona. "Shuka, Kendall. Ngazi iko hapo. Shuka sasa."

"Bado kidogo. Leo kaweka pai mbali kidogo. Kule."

Nikatazama alikoonyesha. Kwenye ubavu wa mti, upande wake wa kulia, kulikuwa na kipande cha ubao kimepigiliwa. Juu yake pai nzima. Mvuke ulikuwa unapanda. Akiwa amekaa alivyokaa, asingeifikia. Ingembidi ageuke. Ageuke kabisa, na mkono wake wa kushoto utangulie kushika tawi.

Nimeweka chambo miaka thelathini na moja. Naujua ubao wa namna hiyo. Unauweka pale ili mnyama akae unavyotaka wewe akae.

Na anayemtaka akae hivyo atakuwa upande utakaotazamwa na ubavu wake wa kushoto.

Nikageukia upande huo.

Nyuma ya mtufaha wa mwisho, pembeni mwa bomba la moshi, kulikuwa na msonobari mwingine. Na kwenye msonobari huo kulikuwa na dungu. Si la chuma. La miti, miti iliyozeeka mpaka ikawa ya kijivu, imefungwa kwa kamba nyeusi. Ngazi yake ilikuwa ya miti pia. Vipandio vyake vilikuwa vimelika katikati, vimeingia ndani kama tandiko la farasi, kwa kukanyagwa. Lilitazamana na dungu la Kendall. Nilipima kwa macho kabla sijajizuia.

Hatua ishirini.

Halikuwa na mtu. Kiti chake kilikuwa kimeota kuvu na majani laini. Majani hayo yalikuwa yamelala. Yamelala kwa umbo la mtu aliyekaa. Na hayakuwa yanainuka.

"Kendall," nikanong'ona. "Usigeuke."

"Inapoa," akasema.

"Nakuomba. Usigeuke ubavu."

Alicheka kidogo, pua ikitoa hewa, kama alivyozoea kunicheka. "Nyie watu wa huku," akasema.

Akageuka.

Mkono wa kushoto ukatangulia.

Tak.

Ndiyo hivyo tu. Kama kijiti kikavu. Hakuna moshi, hakuna mlio wa bunduki, hakuna jani lililotikisika. Kendall alishtuka mwili mzima, kama mtu aliyepigwa kofi mgongoni. Pai ikaanguka. Akabaki ameshika tawi.

Kisha akatoa sauti.

Dubu aliyepigwa mapafu hulia mara moja kabla hajafa. Mlio mrefu, wa chini, unatoka mbali tumboni, na hauna hasira. Wageni wangu wakiusikia mara ya kwanza, wengine huweka bunduki chini na hawawindi tena. Mimi nimeusikia labda mara mia mbili. Sijawahi kuusikia ukitoka kwa mtu.

Ginette aliziba masikio. Ulidumu. Ulidumu. Ukaisha.

Kendall akajifuta mdomo kwa kiganja. Akashuka ngazi, kipandio kimoja baada ya kingine, kwa uangalifu, kama mgeni anayeshuka kwenye nyumba ya watu. Akasimama mbele yetu.

"Samahani," akasema. "Nimewasumbua."

Nilimrarua shati. Nilimpapasa kifua, mbavu, mgongo, chini ya kwapa. Hakuna tundu. Hakuna damu. Hata mkwaruzo. Ngozi yake ilikuwa ya uvuguvugu, na alisimama akaniacha nimguse, ametulia, anatazama mbele.

Nikatazama tena lile dungu la miti. Majani kwenye kiti yalikuwa yameinuka.

Basi nyasi chini ya ngazi ya dungu hilo zikaanza kulala. Kidogo. Hatua moja. Zikatulia. Tena hatua moja. Zinakuja kwetu. Bila haraka. Mimi pia sina haraka wakati huo. Mnyama akishalia vile, unamwendea polepole. Ameshakuwa wako.

"Gari," nikamwambia Ginette. "Usikimbie. Usigeuke. Gari."

Tulimshika Kendall mikono, mmoja huku, mmoja huku. Alikuja. Nyuma yetu, kwenye mitufaha, kitu kizito kiliguswa, na ule mnyororo wa pipa ukalia mara moja.

Nilimpeleka kwa daktari siku ileile. Moyo mzima, mapafu mazima, mafuta mengi kwenye damu, apunguze sukari. Kendall alimshukuru daktari. Akamshukuru muuguzi. Akanishukuru mimi kwa kumpeleka.

Mwanzoni Ginette alifurahi, na simlaumu. Mumewe hakunung'unika tena. Alikula alichopewa, akasema kizuri, na ungempa kipande cha gome angesema kizuri. Aliwasikiliza majirani wakieleza mambo ya viazi, akaitikia. Nilipomtania alitabasamu. Nilimtupia matusi ambayo zamani yangemfanya apige meza, akasema, "Una haki, shemeji." Nilimdharau mtu yule tangu siku aliyomwoa mdogo wangu, miaka ishirini na sita, na sasa nilikaa naye meza moja nikamtafuta wa kumdharau, sikumpata. Kulikuwa na nguo zake, na mwili wake, na mwili ulikuwa unapungua. Kila wiki shati lilizidi kuwa kubwa, ngozi ya shingo ikizidi kuning'inia, kana kwamba kilichokuwa ndani kimetolewa taratibu, kwa mikono ya mtu anayejua kuchuna.

Mwisho wa Septemba walirudi Portland. Ginette alisema huku kuna baridi. Mimi sijarudi kwenye ile mitufaha. Pipa lake liko kule mpaka leo, na bunduki yake, na lile dungu la chuma zuri ambalo wengine wangelitamani. Yeyote anayelitaka akalichukue. Mwaka ule niliwarudisha wageni wangu wawili kwao, nikawaambia naumwa mgongo.

Mwisho wa Oktoba Ginette alinipigia simu. Alikuwa kwenye korido ya daktari wa meno, anasema kwa sauti ya chini.

"Dada, kuna kitu. Daktari anauliza nani alimng'oa Kendall jino."

"Jino gani?"

"La juu. Dogo, nyuma tu ya chonge. Anasema aliyeling'oa anaijua kazi yake, hakuacha hata kipande. Kendall anasema hakumbuki kung'olewa jino. Na kadi yake ya mwaka jana inaonyesha lilikuwepo."

Nilivuta kiti nikakaa.

Kwetu, dubu yeyote aliyeuawa lazima apelekwe kituoni kusajiliwa. Anapimwa uzito, anaandikwa kwenye daftari, anafungwa kitambulisho. Kabla hujaruhusiwa kuondoka naye unamng'oa kwa koleo jino moja dogo, nyuma tu ya chonge, unalitia kwenye bahasha, wakalichunguze wajue umri wake. Nimeishika koleo hiyo kwa mkono wangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

"Kidonda kimepona?" nikamuuliza.

"Kimepona vizuri. Anasema kina kama miezi miwili." Akashusha sauti zaidi. "Anasema lilikuwa jino zima, dada, halina ubovu wowote. Anashangaa mtu angelitakia nini."

Nikamwambia sijui.